Shelfu ya Jina Letu

Jina letu la ukoo sitaliandika hapa. Ukiliandika kwenye kompyuta utawapata wao, sisi hutatupata, na mimi nimechoka kuwapelekea wageni.

Nina duka la steshenari mjini Songea, chumba kimoja chenye mashine mbili za kopi, moja nzima na moja ya lawama. Wateja wangu wakubwa ni wanachuo. Wanakuja na flashi zenye virusi, natoa tasnifu zao, nazifunga kwa spairo au kwa gamba jeusi lenye maandishi ya dhahabu, na wakishazichukua hawanijui tena mpaka watakaporudi na shahada ya pili. Wasomi kwa hiyo nawafahamu kwa upande wa mgongoni, pale penye gundi. Namjua aliyeongeza nafasi kati ya mistari ili kitabu kinenepe. Namjua aliyeandikiwa.

Shelfu ilikuwa ya baba yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akajenga Mshangano nyumba ya tofali za kuchoma, na nyuma yake shamba la mahindi. Sebuleni alimwita fundi amtengenezee shelfu ya mninga, pana kuliko kabati la vyombo, na juu yake hakuruhusu kitabu chochote isipokuwa cha mtu mwenye jina letu. Kitabu kilihusu nini, hilo halikumsumbua. Palikuwa na tasnifu ya daktari wa mifugo juu ya kupe. Palikuwa na kitabu cha padri juu ya ndoa za watu wa madhehebu mawili, ripoti ya mtaalamu wa udongo wa milimani, kazi ya nesi mmoja juu ya akina mama wanaojifungulia njiani, na kitabu cha hesabu ambacho hata mimi niliyekifunga sikuwa na hakika kama nimekifunga kichwa juu au miguu juu. Palikuwa na kopi ya jalada la mahakama la enzi za Mwingereza, lililomtaja jumbe mwenye jina letu aliyeshtakiwa kwa kukataa kutoa watu wa kulima barabara. Baba alimpenda sana jumbe huyo, akamwekea jalada la plastiki.

Asiye wa kwetu nimweleze jambo moja, maana bila hilo atadhani baba alikuwa na kichaa kidogo. Kwetu watu wawili wakikutana, wakakuta jina la ukoo ni moja, hapo hapo wanaulizana kijiji, wanaulizana babu, na kabla chai haijapoa mmoja ameshakuwa baba mdogo wa mwenzake. Kuoana hakupo tena. Msiba wa huyu ni msiba wa yule. Mwenye jina hapigi hodi ya mgeni mlango wa mbele, anazunguka uani na anakaa jikoni, na akiona chungu kitupu ana haki ya kununa. Baba aliichukua desturi hiyo ya watu akaihamishia kwenye karatasi. Vitabu hakuvipanga kwa somo wala kwa herufi. Alivipanga jinsi watu wanavyokaa kwenye kikao cha ukoo: jumbe juu kabisa, padri mkono wake wa kulia, mtu wa udongo na mtu wa kupe pamoja kwa sababu wote ni watu wa shamba, nesi upande wa akina shangazi. Mtoto wa hesabu aliwekwa chini karibu na mlango, mpaka akue.

Nikimletea kitabu kipya alikuwa anasoma ukurasa mmoja tu, ule wa shukrani. Kiingereza chake cha ualimu wa zamani kilitosha kwa shukrani, kwa kupe hakikufika. Alikuwa anatafuta kijiji anachokijua, katekista, babu yeyote. Akipata kidokezo anaketi vizuri na kutangaza, "Huyu ni wa upande wa Mpitimbi," na kuanzia siku hiyo mwandishi yule, ambaye hajui kama baba yangu anaishi, anakuwa na nafasi yake katika sala za jioni. Nilikuwa namcheka. Dada yake, shangazi yangu wa Mjimwema, alikuwa anamcheka zaidi. "Ndugu zako hawa," alikuwa anasema, "hata wa kukuletea chumvi hamna."

Katikati ya shelfu, mahali pa kaka mkubwa, palikuwa na kitabu cha profesa wa historia. Huyu hakuwa jina tu juu ya gamba. Alikuja kwetu kwa miguu yake, mwaka niliomaliza kidato cha nne, nikiwa nyumbani nasubiri matokeo na kusumbuliwa na baridi ya Julai.

Alikuwa anatafuta wazee wenye kumbukumbu za zamani. Kijijini Mpitimbi walimwambia kwamba aliyekuwa na kumbukumbu kuliko wote ni bibi yangu, mzaa baba, na kwamba amechelewa, bibi amekwisha kufa, ila mwanawe mwalimu alimrekodi. Akaja Mshangano. Baba alipomuuliza jina, na yule bwana akalitaja, baba alisimama. Alimshika mkono akamzungusha uani mpaka jikoni, akamweka kwenye kigoda karibu na moto. Kuku alikamatwa. Shangazi aliitwa. Profesa wakati huo alikuwa bado kijana, mwembamba, na alijua kukaa na watu. Alimwamkia baba shikamoo, akamwita kaka, mimi akaniita mwanangu. Aliomba apelekwe kwenye kaburi la bibi, na alipofika aliinama akang'oa majani yaliyoota pembeni, kama wafanyavyo watoto wa marehemu. Shangazi alilia kwa kuona hivyo. Hata mimi nilimpenda.

Kaseti zenyewe zilikuwa mbili. Baba alimrekodi mama yake katika mwaka wake wa mwisho, kwa redio kaseti ya betri. Kaseti tupu hazikupatikana, akachukua za kwaya ya parokia, akaziba vile vitundu vya juu kwa vipande vya karatasi ili zikubali kurekodiwa upya. Ndiyo maana ile ya kwanza ilianza na kwaya ikimalizia Amina. Baada ya Amina, kikohozi cha bibi. Halafu sauti ya baba, nyembamba bado, "Mama, anza." Na bibi anajibu, "Nianze wapi, we mtoto?" Baada ya hapo anaingia kwenye Kingoni na hatoki tena: nani alimzaa nani, nani alihama na kwa nini, halafu nyimbo za kupalilia, na pumzi yake inasikika kati ya wimbo na wimbo. Tulikua tukiisikia kaseti hiyo. Kila Krismasi baba aliipiga baada ya chakula, na sisi watoto tulishindana kuigiza kile kikohozi.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema utepe umeanza kushikana, ukiachwa utakatika, na kwamba chuoni kwao wana mashine ya kuzisafisha. Atazichukua, atazisafisha, atazirudisha pamoja na kopi. Baba alizifunga kwa kitambaa chake mwenyewe. Mimi, kwa utoto wangu wa kidato cha nne, nikasema, "Baba, si aandike hata kakaratasi?"

Shangazi alinitazama jicho ambalo nalikumbuka mpaka leo. Baba hakukasirika, alinionea huruma tu. "Utamwandikishaje mtu," alisema, "kwa kitu cha mama yake?"

Hilo ndilo kosa letu, na nimelizungusha kichwani miaka yote hii nikitafuta mtu mwingine wa kumbebesha. Mgeni angeandikishwa. Mzungu angeandikishwa, na jirani wa ukuta mmoja angeandikishwa. Yeye hakuandikishwa kwa sababu ya jina.

Kaseti hazikurudi. Kilichokuja, baada ya muda mrefu, ni kitabu, kizuri, chenye picha ya vilima vyetu kwenye gamba. Baba alifungua ukurasa wa shukrani. Profesa alishukuru wafadhili, alishukuru mkewe, alishukuru "wananchi wa Songea Vijijini kwa ukarimu wao." Baba alisoma, akageuza ukurasa kuona kama shukrani zinaendelea nyuma, akarudi, akasoma tena. Halafu akakiweka katikati ya shelfu. "Kurasa zina mwisho," akaniambia. "Hawezi kutaja kila mtu." Nilitaka kumwambia kwamba kurasa za kumtaja mke zilipatikana. Sikumwambia, maana alikuwa anakifuta kitabu vumbi ambalo hakikuwa nalo.

Kisha baba akapata presha ya macho. Aliona kwa upande, halafu akaona mwanga tu, halafu hakuona. Vitabu alivijua kwa kupapasa: huyu mnene ni wa kupe, huyu wa plastiki ni jumbe. Siku hizo za giza ndipo mama yake alipoanza kumrudia. Alikuwa anasema amesahau sauti yake. Anakumbuka maneno, yote, lakini yanamjia kwa sauti yake yeye mwenyewe, na hilo lilimtesa kuliko macho. Alikuwa na umri wa babu, na alinung'unika kama mtoto aliyeachwa sokoni. "Nataka nimsikie mara moja tu," alikuwa anasema. "Baada ya hapo nitatulia." Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua pia, na sote tulijua kutulia anakokusema ni kupi.

Namba za profesa tulizokuwa nazo zilikuwa zimekufa zamani. Siku moja ya mvua, dukani hakuna mteja, nililiandika jina letu kwenye kompyuta nikimtafutia baba ndugu wapya wa kumchangamsha. Walikuja wengi, kama kawaida, mtu wa misitu, mtu wa sheria za ardhi. Katikati yao ukaja ukurasa wa maktaba ya chuo kimoja cha Ulaya. Walikuwa na mkusanyiko wa sauti na nyaraka, na mkusanyiko huo waliuita kwa jina letu, kwa maana ya jina lake. Nilishuka mpaka chini. Kaseti mbili, lugha Kingoni, mwanamke mzee, Songea. Aliyerekodi: profesa. Kusikiliza ni kwa ruhusa ya mwenye mkusanyiko.

Mwanamke mzee. Mtu aliyezaa watoto wanane akawalea kwa jembe, Ulaya anaitwa mwanamke mzee. Na baba yangu aliyeziba vitundu kwa karatasi hakuwa hata na nafasi ya kuwa fundi mitambo.

Nilimsomea baba kwa hasira. Yeye alitabasamu. "Kumbe ziko salama," alisema. Baadaye kidogo akauliza, "Na wameziandika kwa jina letu?"

Mwanachuo mmoja alinipatia namba mpya. Profesa alipokea kwa uchangamfu, akasema wiki hiyo hiyo anakuja Songea kwenye semina, nimkute hotelini asubuhi. Nilivaa vizuri. Niliacha duka limefungwa na wateja wakininung'unikia kwenye simu. Nilimkuta mezani, amenenepa, kichwa cheupe, simu yake kubwa ameilaza kifudifudi kando ya kikombe cha chai. Nilipiga goti kidogo. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaka hajambo?"

Nilimweleza. Macho, figo, mama yake. Nilimwambia hatutaki kaseti zenyewe, zibaki huko huko zinakotunzwa, tunachoomba ni sauti, hata dakika chache, nimsikilizishe mzee. Alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa, huo ndio uchungu wenyewe, ilikuwa huruma ya kweli. Kisha akaanza kunieleza taratibu. Kuna fomu ya maombi, kuna kamati, kuna maadili ya utafiti, sauti za watu haziachiwi hivi hivi.

"Lakini ni mama yake, baba mdogo," nikasema. "Na ni mama yako."

Alikunja kitambaa cha mezani, akakikunjua. "Hapo tuelewane, mwanangu. Mimi kwetu ni kule Umatengoni, si huku kwenu Ungoni. Jina hili babu yangu alilipata misheni, kwa mwalimu aliyemfundisha. Sisi na ninyi tunafanana majina tu. Na kitaaluma ni lazima niliweke wazi hilo, la sivyo watasema nimefanya utafiti kwa ndugu zangu."

Nilimtazama mtu huyu aliyekula kuku wetu jikoni na kung'oa majani kaburini. Siku ile alipotaka kitu, jina lilikuwa damu. Leo sisi ndio tunaotaka, limekuwa jina tu. Kwa aibu ya malezi yangu, neno lililotoka ni, "Haya, baba mdogo, asante." Alinilipia chai ambayo sikuinywa.

Baba nilimwambia yote kama yalivyosemwa, maana kipofu ukimdanganya anasikia. Nilidhani sasa ataniambia nikitoe kile kitabu katikati ya shelfu. "Amekosea," alisema. "Paji la uso wake ni la marehemu baba. Wewe hukumwona marehemu baba." Halafu akaniomba nimwimbie ule wimbo wa kupalilia. Nilikuwa najua mistari miwili, Kingoni changu ni cha kuokoteza, nikaimba hiyo miwili nikairudia. Alisikiliza kwa adabu. Fomu niliijaza na kuituma, na jibu lilikuja la kuniambia ombi limepokelewa.

Baba alikufa mahindi yakiwa yametoa mbelewele. Jibu la pili halijaja hadi leo.

Msibani walikuja watu kutoka Mpitimbi kwa magari ya kukodi. Uani palijaa, sufuria za kuazima zilipangwa mpaka kwenye ua wa jirani. Ukoo una kundi la WhatsApp, mtu aliweka tangazo humo, na mimi sikujua nani na nani wamo. Misa ilipokwisha, jeneza likiwa bado sebuleni mbele ya shelfu, gari lilisimama nje na profesa akashuka. Shangazi alimkumbuka papo hapo. Alimkumbatia, akamlilia begani, akamwita mdogo wangu, akampitisha katikati ya watu mpaka kwenye viti vya ukoo. Mtu aliinuka ampishe. Mwongozaji wa ratiba, aliposikia ni profesa na ana jina, alimpa maiki bila kumuuliza mtu.

Alizungumza vizuri, nisimnyime hilo. Alisema kaka alikuwa hazina. Alisema wako wanaosoma vitabu na wako wanaovitunza. Kisha akasema amemletea kaka zawadi ya mwisho, akatoa simu mfukoni, ile ile, akaiinamisha kwenye maiki.

Kwaya ikamalizia Amina. Kikohozi. "Mama, anza." Ilikuwa sauti ya baba, ya kijana, imetoka kwenye spika za kukodi, naye yumo ndani kwenye jeneza. "Nianze wapi, we mtoto?"

Wanawake walipiga kelele zile zisizojua kama ni kilio au vigelegele. Shangazi alikaa chini kwenye majani. Bibi akaanza kutaja, nani alimzaa nani, safi, bila mkwaruzo, kweli wanayo mashine nzuri, na pumzi yake ilifika mpaka barabarani. Mimi nilikuwa naitazama simu. Nilikuwa naikumbuka meza ya hotelini, kikombe, na jinsi ilivyolala kifudifudi karibu na mkono wangu, ningenyoosha tu kidole ningeigusa.

Alipoizima nilisimama. Watu walinyamaza wakidhani naenda kumshukuru kwa niaba ya watoto.

"Baba mdogo," nikamuuliza, "hiyo sauti ulianza lini kuwa nayo kwenye simu?"

Hakuona mtego wowote, kwa sababu kwake haukuwa mtego. Aliweka mkono kifuani. "Siku zote, mwanangu," alisema kwenye maiki. "Miaka yote natembea naye bibi humu humu."

Wakampigia makofi. Kisha mwongozaji akaita watoto wa kiume wa ukoo waje kubeba, na yeye akavua koti, akampa mtu ashike, akaingia sebuleni akashika jeneza upande wa mbele.